Kushiriki Shindano la Timu la Mbio na Baiskeli jijini Dar es Salaam: Mwongozo Kamili

Kila Jumamosi alfajiri, kabla daladala hazijaanza kujaza abiria, barabara za Dar es Salaam huwa mikononi mwa klabu za jogging: watu thelathini au hamsini wenye fulana za rangi moja, filimbi mbele, nyimbo za kuitikiana katikati, na bodaboda moja nyuma ikiwakinga na magari. Waendesha baiskeli nao wana makundi yao, ambayo hutoka mapema zaidi ili yawahi barabara ikiwa tupu. Shindano la timu linalounganisha michezo hii miwili huwakutanisha watu wa pande zote mbili, na ndiyo maana huwavutia hata wale ambao hawajawahi kujiona kuwa wanamichezo.

Mwongozo huu ni kwa timu ya watu wawili hadi wanne wenye afya ya kawaida, ambao kila mmoja wao anaweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama. Jambo ninaloliamini, baada ya kushiriki mashindano haya mara kadhaa, ni kwamba timu nyingi za hapa hazishindwi na miguu. Hushindwa na joto, na hupoteza muda pale zinapopokezana. Kwa hiyo mambo hayo mawili nimeyapa nafasi kubwa.

Hatua ya kwanza: Elewa mnaingia katika shindano la aina gani

Soma kanuni kabla ya kulipa ada, kwa sababu mashindano yanayotangazwa kwa jina moja huweza kuendeshwa kwa mifumo iliyo tofauti kabisa. Upo mfumo wa kupokezana, ambapo mmoja hukimbia kipande chake, humkabidhi mwendesha baiskeli, naye humkabidhi mkimbiaji wa mwisho. Mashindano mengi ya namna hii hufuata mpangilio wa duathlon, ambayo kwa umbali wake wa kawaida ni kukimbia kilomita 10, kuendesha baiskeli kilomita 40, kisha kukimbia tena kilomita 5; umbali mfupi ni nusu ya huo. Upo mfumo wa kwenda pamoja, ambapo timu nzima hukimbia na kuendesha bega kwa bega, na saa husimama anapovuka mstari mtu wa mwisho. Upo pia mfumo wa watu wawili wenye baiskeli moja, unaopendwa sana Ufaransa, ambapo mmoja huendesha huku mwenzake akikimbia, na hubadilishana njiani mara nyingi kadiri wapendavyo.

Waulizeni waandaaji maswali haya, na mpate majibu kwa maandishi: Muda wa timu unahesabiwa kwa nani? Barabara itafungwa au mtachanganyika na magari? Muda wa mwisho wa kumaliza ni saa ngapi? Vituo vya maji viko kila baada ya kilomita ngapi? Je, kutakuwa na gari la wagonjwa na barafu? Mwandaaji asiyeweza kujibu maswali mawili ya mwisho hastahili fedha zenu, hata kama fulana anazogawa ni nzuri.

Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, na mtu yeyote mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua, amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi na siyo wiki moja kabla ya shindano.

Hatua ya pili: Gawaneni kazi kwa hesabu, si kwa heshima

Mazoea ya wengi ni kugawana umbali sawasawa ili mtu yeyote asijione amepunjwa. Nia ni njema, lakini hugharimu dakika nyingi. Tuchukue watu wawili wenye baiskeli moja katika kilomita 20. Wa kwanza hukimbia kilomita moja kwa dakika 5, wa pili kwa dakika 7, na wote wawili wakiwa juu ya baiskeli hutumia dakika 3 kwa kilomita. Wakigawana nusu kwa nusu, mwenye mbio atamaliza kwa dakika 80, lakini mwenzake atahitaji dakika 100, na kwa kuwa timu huhesabiwa kwa wa mwisho, muda wao ni dakika 100. Sasa wakibadilisha, yule wa pili akae juu ya baiskeli theluthi mbili ya njia, na mwenye mbio aendeshe theluthi moja tu, wote wawili watafika pamoja kwa takribani dakika 87. Dakika 13 zimepatikana bila mtu yeyote kuongeza kasi hata kidogo.

Kanuni hiyo hufanya kazi katika mifumo mingine pia. Katika kupokezana, mpe kipande kirefu cha baiskeli mtu mwenye uvumilivu wa kukaa na juhudi moja kwa saa nzima, hata kama si mwepesi wa kukimbia. Katika kwenda pamoja, mnyonge wenu ndiye awekwe mbele kwenye mbio ili aweke mwendo, na nyuma ya wenzake kwenye baiskeli ili akingwe na upepo, ikiwa kanuni zinaruhusu kufuatana kwa karibu.

Kwa wanaofanya mazoezi ya baiskeli moja kuna tahadhari ya hapa kwetu. Katika mashindano ya mfumo huo, mwendeshaji huweza kuiweka baiskeli kando ya njia, akaendelea kwa miguu, na mwenzake akaikuta pale. Katika barabara zetu msifanye hivyo; awepo mtu wa tatu wa kuilinda mahali pa kubadilishana, au mkabidhiane mkono kwa mkono.

Hatua ya tatu: Baiskeli

Hamhitaji baiskeli ya bei kubwa. Baiskeli ya mtumba iliyonyooka fremu, yenye breki mbili zinazoshika na gia zinazoingia bila kusitasita, inatosha kabisa kwa mara ya kwanza. Muipeleke kwa fundi akague spoki, cheni na bearingi za magurudumu, kisha mjifunze wenyewe mambo mawili ambayo fundi hatakuwepo kuwafanyia.

La kwanza ni urefu wa siti. Kaa juu ya baiskeli ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Ukihamishia pedeli kwenye sehemu pana ya mbele ya unyayo, kama unavyoendesha, goti litakunjika kidogo, na huo ndio urefu sahihi. Siti iliyo chini sana, ambayo ndiyo kawaida ya wengi kwa sababu wanataka miguu ifike chini wakisimama, huumiza magoti ndani ya wiki chache.

La pili ni pancha. Beba tyubu moja nzima, vijiti viwili vya kutolea tairi na pampu ndogo, kwa sababu kubandika kiraka njiani ni kupoteza muda ilhali tyubu hubadilishwa kwa dakika chache. Ukishaitoa tyubu iliyopasuka, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima, kabla ya kuweka nyingine. Mara nyingi mwiba au kipande cha waya kingali kimechomoza hapo, na asiyekitafuta huweka upepo mara moja na kutoboka tena baada ya mita mia mbili. Kila mwanatimu afanye zoezi hili nyumbani mara tatu, hata yule anayepangiwa kukimbia tu.

Kofia ngumu ni lazima, katika mazoezi kama katika shindano.

Hatua ya nne: Wiki kumi na mbili za mazoezi

Siku nne kwa wiki zinatosha: mbili za kukimbia, moja ya baiskeli, na moja ya kuunganisha vyote viwili. Anza na umbali unaoumudu sasa, ongeza kiasi kisichozidi sehemu moja ya kumi kila wiki, na kila wiki ya nne punguza theluthi moja ili mwili ujijenge. Sehemu kubwa ya mazoezi ifanyike kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Ukiona unajibu kwa neno mojamoja, umekwenda kasi kuliko inavyotakiwa siku hiyo. Siku kumi za mwisho, fanyeni nusu tu ya kawaida yenu.

Zoezi la kuunganisha ndilo linaloachwa na wengi, na ndilo ambalo mimi singekubali timu yangu iliruke. Endesha kilomita 15, shuka, na ukimbie kilomita 2 papo hapo. Dakika za mwanzo miguu huwa mizito kama imefungwa magogo, hatua huwa fupi, na mtu hudhani ameumia. Hajaumia, misuli imezoea mzunguko wa pedeli na inahitaji muda kurejea katika hatua za mbio. Baada ya wiki sita hali hiyo hupungua sana, na ukiwa kwenye baiskeli unaweza kuisaidia kwa kutumia gia nyepesi katika kilomita ya mwisho.

Kuhusu njia, sehemu tambarare iliyo bora ni ile ya kutoka Coco Beach, kupitia Daraja la Tanzanite, hadi Ocean Road. Daraja hilo, lenye urefu wa takribani kilomita 1 na lililoanza kutumika mwaka 2022, ni kipimo kizuri: lipite kila wiki kwa juhudi ileile na uandike muda wako pamoja na upande upepo ulikotoka. Kwa milima, nendeni maeneo ya Chuo Kikuu, Mlimani, na mkishapata nguvu nendeni Pugu hadi Kisarawe. Kwa baiskeli ya masafa, barabara ya Bagamoyo ukishapita Bunju, au Kigamboni kuelekea Kimbiji, hutoa nafasi ambayo katikati ya jiji haipo.

Wakati wa kusi, takribani Aprili hadi Septemba, anayetoka Dar kwenda Bagamoyo husukumwa mgongoni na upepo, akafika Mapinga akijiona amekuwa hodari, na hesabu humjia wakati wa kurudi. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Panga kila mara kuanza ukielekea upepo unakotoka, ili nyumbani urudi ukisaidiwa.

Muda wa kutoka ni saa kumi na moja alfajiri. Jua la Dar huchomoza karibu saa kumi na mbili kamili mwezi Novemba na baada ya saa kumi na mbili na nusu mwezi Julai, kwa hiyo sehemu ya mazoezi itakuwa gizani: taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma, na fulana inayong'aa. Usiipite daladala iliyosimama kwa upande wa kushoto, kwa sababu ndiko mlango unakofunguka na abiria anayeshuka hakutarajii. Njia za mwendokasi si za baiskeli, hata zikiwa tupu. Baada ya mvua ya masika usikanyage dimbwi usilolijua, maana huenda limeficha shimo.

Hatua ya tano: Joto, maji na chakula

Mkazi wa Dar hudhani kwamba amezaliwa na joto na kwa hiyo analimudu. Lakini anayeshinda ofisini penye kiyoyozi, akalala na feni na kufanya mazoezi alfajiri tu, mwili wake haujazoea kufanya kazi nzito saa nne asubuhi. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi mepesi kwenye joto ili ujifunze kutoa jasho mapema na kuhifadhi chumvi. Kwa hiyo, wiki tatu kabla ya shindano, hamisheni baadhi ya mazoezi mepesi yaanze saa mbili asubuhi, muanze kwa dakika 20 na kuongeza taratibu. Unyevu wa hewa ya pwani ndio adui mkubwa zaidi ya nyuzi za joto, kwa sababu jasho hupoza mwili linapokauka, na hewa ikishajaa unyevu jasho hudondoka tu bila kukauka.

Pimeni jasho lenu. Ni kazi ya dakika chache na mizani ya nyumbani. Mtu mwenye kilo 70 akimbie saa moja, anywe nusu lita njiani, kisha ajifute na kujipima tena. Akikutwa na kilo 68.8, amepoteza kilo 1.2; ukiongeza nusu lita aliyokunywa, jasho lake ni lita 1.7 kwa saa. Halazimiki kurudisha yote njiani, na tumbo halitakubali, lakini sasa anajua kwamba kikombe kimoja kila kituo hakimtoshi. Wapo pia wanaokunywa kupita kiasi hadi chumvi ya damu inashuka, jambo ambalo ni la hatari vilevile: ukimaliza ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, umekunywa mno.

Madafu ni kinywaji kizuri na yanapatikana kila kona, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho hupoteza zaidi sodiamu. Kwa shindano linalozidi saa moja na nusu, tengenezeni maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Kamulia ndimu upate ladha.

Chakula cha njiani kisichozidi ndizi mbivu moja hadi mbili kwa saa, au tende chache kwa kiasi hichohicho, kinawatosha wengi, kwa kuwa ndizi ya wastani ina takribani gramu 25 za wanga na mwili hutumia vizuri gramu 30 hadi 60 kwa saa. Kashata ya nazi ni ya kubeba mfukoni, lakini mafuta yake huchelewa tumboni, hivyo inafaa kwa baiskeli na si kwa mbio. Usiku wa kuamkia shindano kuleni wali au ugali kwa kiasi cha kawaida, na mpunguze maharage. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kuanza, uji mwepesi na kipande cha mkate.

Kila mwanatimu ajue dalili za mwili kuzidiwa na joto. Anayelalamika kizunguzungu, kichefuchefu na mkazo wa misuli apumzishwe kivulini na kunyweshwa taratibu. Lakini anayeanza kujibu mambo yasiyoeleweka, kuyumba, kukasirika bila sababu au kusahau alipo, huyo yuko katika hatari ya kifo, na usisubiri aache kutoka jasho, kwa maana linaweza kuendelea kumtoka. Mpozeni hapo hapo kwa maji ya baridi na barafu mwili mzima, huku mtu mwingine akiita gari la wagonjwa. Mpozeni kwanza, ndipo asafirishwe. Foleni ya Dar haitamsubiri.

Hatua ya sita: Kupokezana

Katika shindano langu la pili, mwenzetu wa kipande cha kwanza alifika akiwa wa sita. Tulitoka eneo la kupokezana tukiwa wa kumi na moja. Chipu ya muda, yaani kifaa kidogo kinachorekodi muda wa timu, ilikuwa kwenye utepe wa kunata uliofungwa kifundoni, na yeye, kwa kuogopa usidondoke, alikuwa ameuzungushia kamba ya kiatu na kupiga fundo. Utepe ulikuwa umejaa mchanga, kamba imelowa jasho ikakaza, na vidole vyangu vilikuwa vikitetemeka. Nilipiga magoti juu ya lami nikilivuta lile fundo kwa meno huku nikisikia baiskeli za wengine zikipita nyuma yangu. Baada ya hapo nilikimbilia baiskeli, nikaishika kabla ya kufunga mkanda wa kofia, na mwamuzi akanirudisha.

Tangu siku hiyo, timu yangu hufanya zoezi la kupokezana kila Jumapili baada ya mazoezi, wakati tumechoka, kwa sababu siku yenyewe mtakuwa mmechoka. Utaratibu wetu ni huu. Anayekuja hupaza sauti ya jina la timu akiwa umbali wa mita hamsini. Anayesubiri huwa tayari amefunga kofia, na husimama mguu wa kushoto ukiwa mbele. Anayefika hujivua utepe mwenyewe, kwa kuwa anajua umekaaje, na humfunga mwenzake akiwa amepiga goti moja. Mwenzake haangalii chini, anatazama njia ya kutokea. Utepe hupigwa brashi ya mswaki kabla ya shindano ili mchanga utoke. Tulianza kwa kutumia karibu dakika nzima. Sasa tunatumia sekunde kumi na tano.

Kumbukeni kanuni za duathlon ambazo waamuzi huzisimamia: mkanda wa kofia ufungwe kabla ya kuigusa baiskeli na usifunguliwe mpaka baiskeli irudishwe mahali pake, na baiskeli isipandwe kabla ya mstari uliowekwa. Tembeeni katika eneo hilo asubuhi, mhesabu safu kutoka langoni hadi ilipo baiskeli yenu, maana baada ya kukimbia kilomita 10 macho hayaoni vizuri.

Siku yenyewe

Fikeni saa moja na nusu kabla. Wekeni upepo asubuhi hiyo, bandikeni namba za kifuani kwa pini nne, na mmoja wenu abaki na simu na majina ya ndugu wa kila mwanatimu. Robo ya kwanza ya kila kipande iende polepole kuliko mnavyotamani. Shangwe za pale mwanzoni humfanya mtu mzima akimbie mwendo asioujua.

Njiani, atakayezidiwa aseme mapema. Timu ikubaliane kabla kwamba neno la mchovu halijadiliwi wala halichekwi, na kwamba mkisimama mnasimama wote.

Mkishamaliza

Tembeeni dakika kumi kabla ya kukaa, rudisheni chipu, kunyweni taratibu kwa saa kadhaa, na mle mlo wenye wanga na protini ndani ya saa mbili. Wali kwa samaki unafaa kuliko chochote kinachouzwa kwenye pakiti. Siku mbili zifuatazo matembezi mepesi tu, na kukimbia kurudi baada ya maumivu ya misuli kuisha.

Baiskeli nayo ishughulikiwe siku hiyohiyo, kabla hamjalala. Upepo wa bahari na jasho lililodondokea fremu huacha chumvi, na chumvi ya pwani hula cheni kwa haraka kuliko kutu ya mvua. Ioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo bila kuelekeza mpira wa maji kwenye bearingi, ikaushe kwa kitambaa, zungusha pedeli kinyumenyume huku ukidondosha tone moja la mafuta kwenye kila kiungo cha cheni, kisha futa mafuta yaliyozidi ili mchanga usipate pa kushika.